Kuziba matundu ya hadithi na kupunguza sadfa bila kuua utamu wa filamu

Watazamaji wanacheka mahali pa kucheka, wanafuta machozi mahali pa kulia, filamu inaisha kwa makofi. Wakiwa mlangoni mmoja anauliza: "Lakini kwa nini yule dada hakupiga tu simu?" Hakuna anayejibu. Mwongozo huu ni wa filamu ya namna hiyo, filamu inayopendwa lakini ina mahali pawili au patatu ambapo hadithi haishikani, au ambapo mambo yanajipa kwa urahisi mno. Unafaa kwa senario (maandishi ya filamu) ambayo bado iko kwenye karatasi, na pia kwa filamu iliyokwisha pigwa na inayosubiri montaji (kuunganishwa kwa picha na sauti), ingawa hapo njia zinabaki chache.

Tutatumia mfano mmoja, hadithi tuliyoitunga kwa ajili ya kazi hii. Mama Ngoie ni mjane wa Katuba, Lubumbashi. Binti yake Mujinga ana miaka 19. Mdogo wa marehemu mumewe, baba mdogo Ilunga, anataka kuuza parseli (kiwanja) ya familia kwa karatasi za uongo. Mambo manne yanasumbua. Kwanza, Mujinga anapanda taksi-basi na bila kutafuta anakaa karibu na karani aliyetengeneza karatasi hizo, naye karani anaisimulia njama nzima kwenye simu. Pili, Mujinga anaijua siri siku ya Alhamisi lakini anamwambia mama yake Jumamosi, na simu iko mfukoni. Tatu, Ilunga anaikalia karatasi ya asili wiki mbili bila kuichoma, mpaka inapatikana. Nne, siku ya mwisho mvua kubwa ya Julai inamzuia Ilunga asifike mahakamani.

Hadithi yenyewe ni nzuri. Mama na binti wanapendeza, na ndiyo sababu inafaa kutolewa jasho.

Vitu vya kuandaa

Chapa senario upande mmoja wa karatasi, kila ukurasa na kila onyesho likiwa na nambari. Ikiwa imepangwa kwa mtindo wa kawaida, herufi za Courier ukubwa wa 12, ukurasa mmoja ni takriban dakika moja ya filamu; kurasa 90 ni saa moja na nusu. Tafuta kalamu za rangi mbili, daftari kubwa, na mtu mmoja ambaye hajawahi kusikia chochote juu ya hadithi hii. Huyo mtu mtunze vizuri, asisimuliwe neno, kwa sababu atatumika mara moja tu.

Hatua ya 1: Soma bila kusahihisha

Soma yote kwa mara moja, kuanzia ukurasa wa kwanza. Kalamu iguse karatasi kwa sababu moja tu: pale ulipotoka nje ya hadithi na kuanza kuwaza "ngoja kwanza", weka nukta pembeni na uendelee. Usiandike sababu. Ukisimama kuandika, utaanza kutafuta makosa, na anayetafuta makosa huyakuta hata mahali ambapo mtazamaji anapita bila kuona kitu.

Ukimaliza, rudi kwenye nukta zako na uzigawe. Kuna tundu la mantiki, yaani jambo ambalo haliwezi kuwa kweli ikiwa mambo mengine ya filamu ni kweli. Kuna sadfa, jambo linalowezekana ila limetokea wakati linapohitajika na mwandishi. Kuna kosa la mwendelezo, kama shati iliyokuwa na vifungo na sasa haina. Hilo ni la mtu wa skripti kwenye eneo la kupiga picha, lisikupotezee muda hapa. Halafu kuna swali ambalo filamu imeliacha wazi kwa makusudi, na hilo liache lilivyo.

Watu wengi huchanganya tundu na upumbavu wa mhusika. Mujinga akikimbilia kwa rafiki mbaya kwa sababu ana hofu, hilo si tundu. Watu wenye hofu hukosea. Linakuwa tundu pale ambapo filamu imetuonyesha kurasa 30 kwamba ni binti mwerevu na mwangalifu, kisha ukurasa wa 61 anasahau yote kwa sababu hadithi inamtaka anaswe.

Hatua ya 2: Jedwali la maonyesho

Hapa ndipo matundu mengi yanapojitokeza yenyewe. Chora safu tano kwenye daftari: nambari ya onyesho, siku na saa, mahali, nani anajua nini, nani ana kitu gani mkononi. Jaza kila onyesho, hata la sekunde kumi. Saa iandike kwa tarakimu, 17:30, si "jioni". Neno "jioni" linaficha mengi.

Safu ya nne ndiyo yenye kazi kubwa. Andika jina la kila mhusika na kile alichokijua *baada* ya onyesho hilo. Katika mfano wetu, onyesho la 34 (Alhamisi, 16:10, ndani ya taksi-basi): Mujinga anajua karatasi ni za uongo. Onyesho la 35 (Alhamisi, 19:00, nyumbani): mama na binti wanakula bukari na sombe mezani. Safu ya Mama Ngoie bado ni tupu. Jedwali linakuuliza mara moja: wamekaa meza moja, Mujinga ananyamaza kwa nini? Kwenye senario hukuliona hilo kwa sababu onyesho la chakula lina utani mzuri, na utani ulikubeba.

Safu ya vitu hufichua kosa la namna nyingine. Fuata karatasi ya parseli kama unavyofuata mpira uwanjani: sasa iko kwa nani? Ikiwa onyesho la 20 iko sandukuni kwa Ilunga na onyesho la 41 iko mkononi mwa Mujinga, lazima kuwe na onyesho kati yake ambapo imehama, au sababu inayotuwezesha kukisia jinsi ilivyohama. Fanya hivyo kwa kila ufunguo, simu, fedha na picha inayobadilisha mkondo wa hadithi.

Hatua ya 3: Muulize kila mhusika kwa nini hachukui njia fupi

Kwa kila onyesho kubwa uliza: kwa nini asipige simu? Kwa nini asiite majirani au mkubwa wa kartie (mtaa)? Kwa nini asisubiri asubuhi? Kwa nini asiondoke? Kwa nini asiseme ukweli? Jibu likiwa "kwa sababu filamu ingeisha", una tundu.

Tundu la simu ndilo linaloongoza siku hizi. Waandishi wengi huliziba kwa mtandao uliokatika, betri iliyokufa au yuniti zilizokwisha. Kwetu hayo yote hutokea kila siku, na bado hayaridhishi, kwa kuwa mtazamaji anajua pia suluhisho lake: unachaji kwa jirani mwenye paneli ya jua, unaomba simu ya mtu, unabipu. Betri iliyokufa inaziba dakika kumi. Siku mbili haiwezi.

Sababu inayodumu hutoka kwa watu, na vifaa viwe nyongeza tu. Katika mfano wetu, Mama Ngoie asiwe na simu yake. Wanaomtafuta wanapiga kwa Ilunga, ambaye ndiye mwenye simu nzuri nyumbani. Ukurasa wa 8 Mujinga anaondoka kwenda kulala kwa shangazi, na mazungumzo yanaenda hivi:

— Mama, nikupigie ku simu ya nani?
— Piga ku ya baba yako mudogo.

Maneno hayo yanapita bila uzito wowote. Lakini ukurasa wa 34, Mujinga akiwa na siri mdomoni na simu mkononi, mtazamaji mwenyewe anaona kwamba mlango pekee wa kumfikia mama unapita mkononi mwa adui. Bado una kazi ya kuhamisha chakula cha onyesho la 35: Mujinga alale kwa shangazi mpaka Jumamosi, na mama ale peke yake na Ilunga. Utani utaupoteza. Utapata onyesho ambalo mtazamaji anajua yaliyomo kichwani mwa mmoja wao na mama hajui, na hilo lina nguvu kuliko utani.

Hatua ya 4: Andika filamu ya mhalifu

Chukua ukurasa mmoja na uandike hadithi nzima kama Ilunga ndiye mhusika mkuu. Anataka nini leo asubuhi? Anajua nini? Akiwa na akili ya kawaida angefanya nini? Wahalifu wa filamu mara nyingi wanalala usingizi wakati hawaonekani, wakisubiri zamu yao. Ukurasa huu unawaamsha.

Kwa Ilunga, tatizo ni karatasi ya asili. Mwizi mwenye akili anaichoma usiku wa kwanza. Usimpe ujinga, mpe haja. Mnunuzi amelipa nusu ya fedha na amekataa kutoa nusu ya pili kabla ya kuona karatasi ya asili kwa macho yake. Sasa Ilunga hawezi kuichoma: analala nayo chini ya godoro, anaigusa kila anapoingia chumbani. Tundu limezibika, na Ilunga amepata wasiwasi ambao mwigizaji anaweza kuucheza.

Hapa panahitaji pia ujuzi wa sheria, kwa sababu hadithi za parseli ni nyingi mjini na watazamaji wengi wamezipitia. Chini ya sheria ya ardhi ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973, hati ya usajili hutengenezwa nakala mbili: moja hubaki kwenye kitabu cha mhifadhi wa hati, nyingine hupewa mwenye haki. Kwa hiyo filamu inayosema "karatasi imeungua, parseli imepotea" ina tundu ikiwa familia ilikuwa na hati hiyo kamili. Una njia mbili: familia iwe na karatasi za komini (manispaa) tu, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za makartie ya zamani, au hatari iwe sahihi ya mauzo na si kupotea kwa karatasi. Vilevile, Sheria ya Familia ya 1987 inawaweka watoto wa marehemu kwenye daraja la kwanza la warithi, na wanachukua robo tatu ya mali. Mjane na ndugu wa marehemu wako daraja la pili. Ilunga basi ana haki ndogo ya kweli. Mwandishi anayeijua habari hiyo atamwandika Ilunga anayeamini kwamba amedhulumiwa, na mhalifu anayeamini hivyo hahitaji kusaidiwa na sadfa ili afanye ubaya.

Hatua ya 5: Hesabu sadfa, kisha tazama zinamsaidia nani

Orodhesha kila jambo lililotokea bila mtu kulisababisha. Mbele ya kila moja andika ukurasa, na alama: + ikiwa imemsaidia mhusika mkuu, − ikiwa imemtia shidani.

Zenye − zinasamehewa karibu zote. Zilizo ndani ya kurasa 10 au 15 za mwanzo zinasamehewa pia, hata zenye +, kwa kuwa hapo mtazamaji bado anapokea masharti ya hadithi. Sadfa yenye + katika robo ya mwisho haisamehewi. Mtazamaji amekaa zaidi ya saa moja akitaka kuona mtu huyu atafanya nini, na sasa dunia imefanya badala yake.

Ipo aina moja inayopita hata mwishoni, na Aristotle aliiona zaidi ya miaka 2300 iliyopita. Anataja sanamu ya mtu aitwaye Mitys huko Argos, iliyoanguka na kumuua yule aliyemuua Mitys, alipokuwa akiitazama. Ni bahati tupu, lakini inaonekana kama ina nia ndani yake, na watu huipokea. Ukitaka kutumia bahati mwishoni, iwe ya namna hiyo: imwangukie mhalifu kupitia kitu alichokiharibu yeye mwenyewe. Itumie mara moja tu.

Sasa turudi kwenye taksi-basi. Mji una watu zaidi ya milioni 2, na Mujinga amekaa karibu na karani yuleyule. Hiyo ni +, ukurasa wa 34, tena karani anaongea kwa sauti. Inaweza kurekebishwa kwa njia tatu.

*Kugeuza mwelekeo.* Mujinga ndiye anayeongea kwenye simu, anamwambia rafiki yake kwamba ana wasiwasi na karatasi za baba mdogo. Kando yake amekaa mtu anayemfahamu Ilunga. Ni sadfa ileile, ila sasa ni −. Haigharimu chochote: taksi ileile, waigizaji walewale. Lakini utahitaji onyesho jingine ambapo Mujinga anaipata siri.

*Kuhamisha mahali.* Watu ambao hawana sababu ya kukutana kwenye basi wana sababu ya kukutana kwenye kilio, kanisani, au kwenye uwanja wa mpira wa Kamalondo siku ya mechi. Shangazi akifariki, ukoo mzima unakaa kwenye viti vya plastiki usiku kucha, na karani ambaye ni jamaa wa mbali hawezi kukosa. Sharti moja: ugonjwa wa shangazi utajwe mapema, tuseme ukurasa wa 12, vinginevyo kifo chake nacho kitakuwa sadfa.

*Kuilipia kwa jasho.* Mujinga anamfuata karani kwa makusudi. Siku ya kwanza anakaa mbele ya ofisi, kando ya muuza karanga, anaona karani anatoka 15:30. Siku ya pili anaona anapanda basi la kwenda komini ya Kenya, humohumo Lubumbashi. Siku ya tatu anapanda kabla yake, anakaa kiti cha nyuma, kitambaa kichwani. Karani hasimulii njama nzima. Anasema maneno mawili tu, jina la Ilunga na kiasi cha fedha.

Ya tatu ndiyo bora, ingawa inaongeza ukurasa mmoja na nusu. Mambo yaleyale yametokea, lakini sasa tunajua Mujinga ni mtu wa namna gani. Kuipiga si ghali: siku zote tatu za kusubiri zinapigwa alasiri moja, mahali pamoja, kwa blauzi tatu tofauti. Angalia kivuli. Ukianza saa 14:00 na kumaliza saa 17:00, kivuli cha ukuta kitakuwa kimehama na "siku tatu za saa 15:30" hazitaaminika, kwa hiyo piga zote ndani ya dakika 40 hivi. Na muuza karanga abadilishe kitambaa chake na urefu wa fungu lake, maana muuzaji yuleyule mwenye fungu lilelile siku tatu ni tundu jipya.

Hatua ya 6: Pima dunia ya filamu dhidi ya dunia yenyewe

Mvua ya Julai. Lubumbashi kiangazi kinashika kuanzia Mei hadi Septemba. Julai usiku ni baridi na vumbi ni jekundu, mvua hakuna. Kila mtazamaji wa mjini atakurudisha nyumbani na hiyo mvua yako. Ama hamisha hadithi iende Januari (na kumbuka mavazi, matope, na uyoga unaouzwa kando ya barabara, ambao Julai haupo), ama badilisha kizuizi. Ilunga anatoka Kasumbalesa, takriban kilomita 90, na amekwama nyuma ya foleni ya malori ya mpakani. Hilo kila mtu analiamini mwezi wowote. Tena, alikwenda mpakani kumwona mnunuzi, kwa hiyo amekwamishwa na ulafi wake mwenyewe.

Saa. Kinshasa iko nyuma ya Lubumbashi kwa saa moja. Mjomba wa Kinshasa akipigiwa simu kutoka Katuba saa 18:30 mwezi wa Juni, nje ya dirisha la Katuba ni giza, na nje ya dirisha la mjomba, saa 17:30, jua bado lipo. Filamu nyingi zinaonyesha giza pande zote mbili. Lubumbashi jua huzama kabla kidogo ya 18:00 mwezi wa Juni, na karibu 18:30 mwezi wa Desemba. Tofauti hiyo inatosha kuharibu onyesho la "kutoka kazini" lililoandikwa mwezi mmoja na kupigwa mwezi mwingine. Zambia inatumia saa moja na Lubumbashi, hapo hakuna shida. Majakaranda yakichanua mwezi wa Septemba na Oktoba, barabara inakuwa ya zambarau, na picha uliyoisahau ukaja kuipiga upya Desemba haitaungana na ya kwanza.

Uzito. Noti moja ya dola ina gramu 1. Dola 100,000 kwa noti za mia ni kilo 1, na milioni moja ni kilo 10. Kwa noti za ishirini milioni hiyo ni kilo 50, na hakuna mtu anayekimbia nayo begani akiruka ukuta. Shaba ni mbaya zaidi: lita moja ya shaba ina karibu kilo 9, kwa hiyo shaba tupu inayojaza bidoni ya lita 20 ni kama kilo 180. Mwizi anayeinua mfuko wa shaba kwa mkono mmoja atachekwa katika mji huu kuliko mji wowote. Upande mwingine, noti ya dola iliyochanika kidogo inakataliwa sokoni, na hapo umepata kizuizi cha bure, cha kweli, kinachoweza kumkwamisha mtu mwenye fedha mkononi.

Hospitali. Melodrama zetu hupenda mtoto anayegunduliwa si wa baba. Fanya hesabu kabla ya daktari kuongea. Wazazi wawili wa kundi la damu O hawazai mtoto wa A, B wala AB. Lakini wazazi wa A na B wanaweza kuzaa kundi lolote kati ya manne, kwa hiyo ukiwachagua hao siri yako haitoki. Mtoto mwenye selimundu, SS, kwa kawaida amepata S (jeni ya ugonjwa huo) pande zote mbili: mzazi mmoja akiwa AA, yaani hana S, pana swali. Wazazi wote wakiwa AS, yaani kila mmoja ana S moja, uwezekano ni mmoja kati ya wanne *kwa kila mimba*, na watoto wawili wa SS kwa kufuatana si muujiza. Klorofomu kwenye kitambaa hailazi mtu kwa sekunde tatu. Inataka dakika kadhaa.

Hatua ya 7: Chagua dawa ndogo kuliko zote

Jaribu kwa utaratibu huu. Futa: je, onyesho lenye tundu linahitajika kweli? Mara nyingi tundu limo kwenye maelezo, na ukiyaondoa linakwenda nayo. Ikishindikana, badilisha mpangilio wa maonyesho. Kisha jaribu mstari mmoja wa maneno. Kisha kitu kinachoonekana. Onyesho jipya ni la mwisho.

Dawa haiwekwi mahali panapouma. Ukieleza ukurasa wa 60 kwa nini jambo la ukurasa wa 60 linawezekana, mtazamaji anasikia mwandishi akijitetea. Panda habari hiyo angalau kurasa 20 mapema, ndani ya onyesho lenye kazi nyingine kabisa, kama tulivyofanya na simu ya baba mdogo. Habari ndogo itajwe mara moja. Habari ambayo hadithi yote inaisimamia ionekane mara mbili, ya pili kwa njia tofauti, tuseme kwanza kwa maneno na baadaye kwa picha. Mara ya tatu watazamaji wataanza kuisubiri.

Mambo huharibika hasa kwa njia mbili. Ya kwanza ni wahusika wanaoambiana wanachokijua tayari: "Kama unavyojua, mume wako, ndugu yangu, alifariki miaka minne iliyopita." Hakuna shemeji anayeongea hivyo. Ya pili ni kuziba kila kitu. Senario ya kurasa 90 inarudi na kurasa 104, kila mtu ana sababu, na mama na binti hawana tena nafasi ya kukaa pamoja. Ukiona marekebisho yamekula onyesho lililokuwa likipendwa, rudisha onyesho na uvumilie tundu.

Ikiwa filamu imekwisha pigwa

Mezani kwa montaji bado una njia. Mhusika akigeuza mgongo au akiwa mbali, mdomo hauonekani, na unaweza kumrekodia sentensi mpya. Tumia mwigizaji yuleyule na, ikiwezekana, kinasa sauti kilekile, kisha weka chini yake sauti ya mahali pale. Ndiyo sababu kwenye kila eneo la kupiga picha mnapaswa kunasa sekunde 30 hadi 60 za ukimya wa mahali kabla ya kufunga vyombo. Bila hiyo sentensi mpya itasikika kama imetoka ndani ya kabati. Picha ya karibu ya mkono, ya ujumbe kwenye simu, ya karatasi chini ya godoro, inapigwa chumba chochote, bila mwigizaji, kwa mkono wa mtu wa rangi na umbo linalofanana; angalia pete, saa na kucha. Maneno ya redio jikoni yanaweza kubeba siku na tarehe. Sentensi iliyorekodiwa upya isizidi maneno kumi. Ndefu zaidi inajitangaza.

Hatua ya 8: Mpe yule mtu uliyemtunza

Kwa senario, mpe asome. Kwa filamu, kusanya watu watano hadi saba ambao hawakufika kwenye eneo la kupiga picha. Usiwaulize "mmeelewa?" Wote watasema ndiyo, kwa heshima. Mwombe kila mmoja akusimulie hadithi kuanzia mwanzo, wewe ukinyamaza. Pale anaposema "halafu kwa bahati…" pana sadfa iliyobaki. Pale anapobuni sababu yake mwenyewe kuunganisha mambo mawili, tazama kwanza sababu aliyobuni: ikiwa nzuri, tundu halipo, ameliziba mwenyewe na anafurahia, ikiwa anasitasita, rudi kwenye jedwali.

Wapigie tena baada ya siku mbili. Maswali yanayokuja siku hiyo tu, ambayo hayakuwepo filamu ilipokuwa ikienda, yaandike lakini usiyaguse, isipokuwa yanaligusa lile la katikati: Mujinga aliipataje ile karatasi, na kwa nini Ilunga hakuichoma. Hayo mawili yakijibika, gari lililobadilika rangi ya viti halitamwondoa mtu kwenye hadithi.

Baada ya marekebisho yote jaza upya safu ya "nani anajua nini", yote, kuanzia onyesho la 1. Usiikague kwa kumbukumbu. Kila sentensi uliyoongeza imempa mtu habari mpya, na mtu huyo sasa anaweza kuwa na njia fupi ambayo jana hakuwa nayo. Chapa toleo jipya kwa karatasi ya rangi nyingine, andika tarehe kwenye kila ukurasa, na yale ya zamani yakusanye kutoka kwa waigizaji kabla hamjaanza kupiga.